Ramani Itangulie Sauti

Programu ya simu inayomwongoza asiyeona kwa sauti ina kazi mbili: kujua alipo, na kumweleza kilichomzunguka. Ya kwanza si tatizo tena. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya kiraia, simu ya kawaida penye uwazi hukosea kwa mita chache tu. Kata ya Naipingo, wilayani Nachingwea, isiyo na maghorofa ya kurudisha mawimbi, inaifaa GPS kuliko Kariakoo. Ugumu umebaki kwenye kazi ya pili, na hapo ndipo ninapoona fedha na juhudi zingepaswa kuelekezwa.

Tuitazame Soundscape, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2018. Badala ya kumwamuru mtu apinde kulia, ilipiga mlio uliosikika kana kwamba unatoka kule anakokwenda. Sauti ya kulia huwahi sikio la kulia kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kichwa huififisha kabla haijafika la kushoto. Programu iliiga tofauti hizo kwenye spika za masikioni, mtu akageuka mpaka mlio ukawa mbele yake, kisha akajichagulia njia. Ni ubunifu wa heshima. Lakini majina ya njia panda na maduka iliyataja kutoka OpenStreetMap, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea, na pasipochorwa kitu ilinyamaza. Mtu akishuka stendi ya Nachingwea kwenda hospitali ya wilaya, kama lango halimo kwenye ramani, sauti itamfikisha ubavuni mwa uzio na kumwambia amefika. Microsoft iliifunga huduma hiyo mwaka 2023 na kuacha msimbo wake wazi. Ramani haikufungwa nayo, programu nyingine zinaisoma hadi leo.

Wapo watakaosema kijijini simu janja ni ghali, na jirani yupo wa kumshika mtu mkono. Bei ni kikwazo cha kweli. Ila mtu mzima kushindwa kwenda kliniki au kufuatilia malipo ya korosho zake mpaka apatikane wa kumsindikiza, mambo yake yote yakijulikana, si hali ya kuridhika nayo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kosa la mita tano linatosha kumtumbukiza mtu mtaroni. Ndiyo maana fimbo nyeupe haiachwi. Sauti humtahadharisha tu kwamba mtaro uko upande gani, fimbo ikautafuta. Na mitaro inaandikika: kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam kuichora mtaa kwa mtaa kwa ajili ya mafuriko. Nachingwea na jirani yake Ruangwa zingeweza kuanza na njia moja tu, stendi hadi hospitali, na asiyeona awe ndiye anayeamua kinachoandikwa. Mchoraji anayeona atakimbilia mabango. Yeye atataka lango, ukingo wa mtaro, mahali lami inapoishia na mashine ya kusaga inayosikika kutoka mbali.