Kibao cha Matundu Sita

Wampembe, jioni, nilimwona tabibu mzee akimwambia mama mmoja atazame juu kwenye boriti, asipepese. Akasubiri naye. Kope zikaanza kushuka, jicho la kushoto likitangulia. Akamwambia ahesabu kwa sauti. Kabla ya hamsini maneno yalikuwa yakitokea puani. Nyumbani walimwita mvivu: asubuhi anatwanga, usiku hata ugali unamshinda kutafuna.

Ndipo tabibu akamtoa damu. Alipapasa mshipa kwa kidole muda mrefu kuliko alioutumia kuchoma sindano. Akaandika jina kwenye chupa angali mbele ya mama yule, akamsomea. Kisha akaisimamisha chupa kwenye kibao chake cha mbao chenye matundu sita, akaketi. Nusu saa. Niliponyoosha mkono kuigusa akanizuia: "Iache igande, mwanangu. Ukiitikisa, inaharibika." Yale maji ya manjano yaliyojitenga juu aliyahamisha taratibu, yakaingia kwenye kasha la baridi la chanjo, yakapanda mlima kuelekea Sumbawanga na mbali zaidi.

Yalikwenda kutafutwa kingamwili zinazovamia vipokezi vya asetilikolini, mahali neva inapouamuru msuli. Mwaka 1973, huko Marekani, Jim Patrick na Jon Lindstrom waliwachanja sungura vipokezi vya mkunga wa umeme, na sungura wakalegea kama wagonjwa wa miastenia, ugonjwa huo wa misuli kuchoka ambao mzee aliushuku. Miaka mitatu baadaye kikaja kipimo cha damu, kikinasa vipokezi kwa sumu ya nyoka. Mvuvi wa Ziwa Tanganyika aliyewahi kupigwa na kambare wa umeme angeielewa hadithi hii upesi kuliko mimi.

Jibu lilichukua wiki nyingi: chanya. Mama yule akaanza dawa ya piridostigimini, na jioni moja akala ugali kwa migebuka hadi akamaliza.

Siku hizi naona fomu zikijazwa mgonjwa hajatazamwa usoni, majina yakibandikwa baadaye, mezani. Jibu likija hasi, anaambiwa hana kitu. Lakini katika wagonjwa 100 ambao udhaifu umewaenea mwilini, 15 hivi kingamwili hizo hazionekani. Na kwa walioshikwa macho tu, ni karibu nusu. Mzee yule angemrudisha mtu kwenye boriti, atazame tena.

Huku juu Ufipa malungu ya kuyeyushia chuma yangalipo, yamepoa, mbuzi wanajikuna kwenye udongo wake. Mzee alistaafu. Kibao chake nilikikuta dirishani mwaka jana, kimechomekwa kalamu.