X ya 'Xmas' haimfuti Kristo, ila haina kazi katika Kiswahili

Kila Desemba inapobisha hodi, vita kuhusu herufi moja huzuka upya. Maduka hubandika matangazo ya 'Ofa ya Xmas', nao baadhi ya wahubiri hupaza sauti mimbarini: ati waliobuni mtindo huo walidhamiria kumng'oa Kristo katika sikukuu yake mwenyewe. Majuzi, mwanafunzi wangu wa zamani alinitumia ujumbe wa aina hiyo kwenye simu akiniuliza, "Prof, hii ni kweli?"

Si kweli. Hata hivyo, naelewa hofu hiyo inakotoka. Kwetu Kenya, X ni alama ya mwalimu anapokosoa daftari. Ni rangi nyekundu kwenye ukuta wa jengo linalosubiri tingatinga. Katika hesabu, X ni kitu kisichojulikana. Basi mtu akiiona mahali pa Kristo, huona jina lililofutwa.

Kosa lake ni kuisoma herufi ya Kigiriki kana kwamba ni ya Kiingereza. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na katika lugha hiyo Kristo, yaani 'aliyepakwa mafuta', huandikwa ΧΡΙΣΤΟΣ. Herufi ya kwanza huitwa 'khi'. Umbo lake ni la X, lakini sauti yake inakaribia 'kh' ya neno 'kheri'. Walionakili Maandiko katika karne za mwanzo za Ukristo walikuwa na desturi ya kufupisha majina matakatifu – Mungu, Bwana, Yesu, Kristo – na kuyachorea mstari juu. Wataalamu wengi wa miswada huuona ufupisho huo kuwa ishara ya heshima.

Anayetaka ushahidi wa karibu na atazame vitambaa vya altare au mavazi ya mapadri. Mara nyingi ataona X na P zilizopandana. Hizo ni herufi mbili za kwanza za jina hilo hilo, kwani P ya Kigiriki hutamkwa 'r'.

Waandishi wa Kiingereza waliurithi mtindo huo kutoka kwa makasisi na watawa waliosoma Kigiriki na Kilatini. Mshairi Byron aliandika 'Xmas' mwaka 1811. Lewis Carroll naye aliiandika mwaka 1864, ilhali alikuwa shemasi wa Kanisa la Anglikana. Je, shemasi huyo naye alikuwa akimfukuza Kristo?

Tena kuna kichekesho hapa. Hiyo 'mas' inayobaki baada ya X ni neno la Kiingereza lenye maana ya Misa. Krismasi ni 'Misa ya Kristo'. Mhubiri asiyeadhimisha Misa anaitamka kila Desemba bila wasiwasi wowote, kisha anakasirishwa na X, ambayo ndiyo inayomtaja Kristo!

Je, kwa kuwa X ina nasaba njema, tuiandike katika Kiswahili? Hapa natofautiana na wanaodhani kwamba uhalali katika lugha moja ni kibali katika nyingine. Alfabeti ya Kiswahili sanifu haina X. Tulipochukua maneno ya Kiingereza yenye herufi hiyo, tuliyavisha nguo zetu: teksi, boksi, faksi. Isitoshe, Kristo wetu anaanza kwa K. Msomaji wa Kiswahili akikutana na 'Xmas' hana daraja la kumvusha hadi kwa 'khi' ya Wagiriki. Atatamka tu 'eksimasi', na hapo ndipo jina la Kristo hupotea kweli, si kwa njama ya mtu bali kwa kuazima bila kutafakari.

Nasi hatuna uhaba wa maneno. Tunayo Krismasi. Tunayo pia Noeli, iliyotufikia kupitia Kifaransa na ambayo mzizi wake wa Kilatini unahusu kuzaliwa. Mwandishi wa habari, mwanafunzi wa insha na mchoraji wa mabango hawana kisingizio: herufi nne wanazookoa hazitoshi hata kupunguza wino.

Kwa hivyo, mhubiri na amsamehe mwenye duka, kwa maana hakukufuru. Naye mwenye duka na abadilishe tangazo lake, kwa maana hajaandika Kiswahili.