Hiba ya Nyumba na Nafaka ya Wazazi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Baadhi ya jamaa zetu walioko Uingereza hutoa shauri kwamba mzee wa Unguja amwandikie mwanawe nyumba mapema, isije ikaliwa na gharama za uzeeni. Shauri hili asili yake ni ya huko. England, halmashauri hupima mali ya mzee kabla ya kumlipia matunzo. Mwenye zaidi ya pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na nyumba aliyoigawa kwa kukwepa malipo huweza kuhesabiwa kuwa bado ni yake.

Unguja hakuna hesabu hiyo. Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hupewa mwenye miaka 70 bila ya kuulizwa mali yake. Nyumba za wazee za Sebleni na Welezo ni za waliokosa wa kuwatunza. Kwetu mtunzaji wa mzee ni mwanawe, na hukumu yake imo katika fiqhi.

Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, mzazi mwenye mali hujilisha kwa mali yake. Akiwa fakiri, nafaka yake ni juu ya mtoto mwenye uwezo, mwanamume au mwanamke. Basi mzee anayeishi kwa kodi ya nyumba yake ya Malindi, akiitoa kwa mtoto mmoja, hakuiondoa gharama. Amewatwika wanawe, hata wasiopewa kitu. Wala mtoto hawezi kumpa zaka kwa fungu la mafakiri, maana nafaka hiyo imeshamlazimu.

Aidha, wengi huandika karatasi tu, mzee akabaki ndani na vyombo vyake. Hiba haitimii ila kwa kukabidhi, na nyumba hukabidhiwa kwa kuachiwa ikiwa tupu. Mzee akifa kabla ya hapo, warithi wana hiari ya kuikabidhi au kuizuia, na ugomvi huishia kwa Kadhi. Akiikabidhi kweli, baba anaweza kurejea katika hiba yake, lakini mtoto akishaiuza, njia hiyo imefungika.

Atasema msemaji: hiba ni halali. Ni kweli. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataa kushuhudia hiba ya babake Nuuman bin Bashir kwa mtoto mmoja, akaamrisha uadilifu baina ya watoto. Basi mzee abakishe cha kumtosha, na atoaye awasawazishe wanawe. Maimamu nao walieleze hili kabla karatasi hazijaandikwa.

Wallahu aalam.