Jodari Asiye na Utoto: Uhakiki wa Swimmy ya Leo Lionni

Swimmy, kitabu cha picha cha Leo Lionni kilichochapishwa mwaka 1963 na kupata Caldecott Honor mwaka 1964, kwa kawaida husomwa kwa dhamira ya umoja: samaki wadogo wekundu wanajipanga katika umbo la samaki mmoja mkubwa, na Swimmy, aliye mweusi, anakuwa jicho lao. Makala haya yanamtazama mhusika anayesahaulika katika usomaji huo, yaani jodari anayewameza ndugu za Swimmy mwanzoni mwa hadithi. Hoja yetu ni kwamba kitabu kinachomfunza mtoto kuistaajabia bahari kinamnyima jodari staajabu hiyo, na kwamba kasoro hii ni ya kisanaa, si ya kibiolojia tu.

Baada ya kunusurika, Swimmy anazunguka vilindini akiwa mpweke. Msanii anawapa konyeza, kambakoche na mkunga nafasi ya kutazamwa kwa utulivu. Jodari hapewi nafasi hiyo: anaingia na njaa yake, anakula, anatoweka. Ni mhusika bapa aliyeumbwa ili kuzua mgogoro. Yawezekana kumtetea Lionni kwa kusema kwamba ngano zetu nazo humtumia fisi vivyo hivyo. Hata hivyo, fisi wa ngano hunena, hudanganywa na huaibika. Mtoto humjua hata anapomcheka. Jodari huyu hana kauli hata moja.

Jodari halisi angeutatiza mgawanyo huo wa wanyonge na mbabe. Huanza maisha katika yai lenye upana wa takriban milimita moja, akiwa windo la wengine. Aghalabu husafiri kwa makundi, na hana budi kuogelea daima ili maji yapite kwenye matamvua yake apate kupumua. Umoja unaosifiwa kitabuni, basi, ni desturi ya adui mwenyewe. Lionni anakaribia kuligusa jambo hili pale wadogo wanaposhinda kwa kuiga umbo la mkubwa, lakini uigaji huo unabaki kuwa hila ya vita. Hauwafikishi wahusika, wala msomaji, kwenye kumtambua aliyeigwa.

Suala hili linamhusu pia mfasiri wa Kiswahili. Neno “tuna”, lililozoeleka kwenye makopo, linafanana kimaandishi na “tuna” ya umilikaji, na mara nyingi hupatanishwa kama bidhaa: tuna imeisha. “Jodari” hupatanishwa kama kiumbe: jodari amepita. Kuchagua “jodari” ni kumrejeshea uhai kisarufi. Lakini upatanisho hauwezi kuziba pengo la msuko. Mtoto anayemjua jodari kama kitoweo, kisha akakutana naye kitabuni kama mlaji tu, bado hajasimuliwa maisha yake. Kazi hiyo inawasubiri waandishi wetu wa fasihi ya watoto, nayo haina budi kuanzia kwenye yai.