Kuosha Vyombo na Kumwona Jirani

Vijana wa usharika hapa Tukuyu wametuonyesha kwenye simu zao mafundisho ya kutuliza akili: kaa kimya, fuata pumzi yako, usiwaze jana wala kesho. Wanauliza kama Mkristo anaruhusiwa. Ili tusijibu kwa kusikia tu, tulisoma kitabu kimojawapo kilichoyaeneza, The Miracle of Mindfulness cha Thich Nhat Hanh, mtawa wa Kibuddha kutoka Vietnam, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1975.

Kitabu kina lugha nyepesi na mifano ya jikoni. Anayeosha vyombo aoshe vyombo, asikimbilie chai inayomngoja. Anayekula chenza ale chenza. Mama zetu wanaochuma chai Rungwe wanalijua hili: macho yakihama, mkono huchuma majani magumu.

Lakini simu hazisemi kwamba kitabu hiki kilianza kama barua, wakati wa vita, kwa watu waliokuwa wakihudumia vijiji vilivyoharibiwa. Mwandishi hakuwaita wajitenge na shida za wengine. Aliwafundisha kutulia ili waendelee kuhudumia. Leo tunauziwa pumzi bila jirani, utulivu wa mtu na nafsi yake. Hapo kitabu kimepunjwa.

Nasi tuna tofauti na kitabu chenyewe. Humo, kila kitu kinategemea umakini wa mtu. Imani yetu haianzii kwenye umakini wetu kwa Mungu, bali kwenye umakini wa Mungu kwetu. Siku moyo unapotangatanga hata katikati ya Baba Yetu, Yeye hatuachi. Hiyo ndiyo neema, na aliyefiwa au anayekosa usingizi anaihitaji kuliko zoezi lolote.

Hata hivyo, kitabu kilitukemea. Msimu wa mvua uliopita tulikwenda kumfariji mjane. Alipokuwa akieleza, tulitazama simu mara mbili. Akanyamaza, kisha akasema kwa upole, “Baba Mchungaji, nenda tu, una kazi nyingi.” Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake, lakini hatukuwa naye.

Katika Marko 5, Yesu anaharakishwa kwenda kwa Yairo, ambaye binti yake yu mahututi. Bado anasimama katikati ya umati na kumsikiliza mwanamke mmoja mpaka aseme yote.

Kwa hiyo, vijana wetu, kaeni kimya, pumueni taratibu, ombeni. Kisha inukeni mkamtazame jirani, simu ikiwa mfukoni. Nasi tumerudi kwa yule mjane, na safari hii simu tuliiacha nyumbani.