Kwa Mwajuma Hatukufika: Vuta N'kuvute, Kamera na Matembezi ya Mji Mkongwe

Katika uhakiki wetu wa riwaya, mandhari ndiyo maskini wa darasa. Dhamira hupewa kurasa kumi, wahusika kurasa sita, na mandhari hupata sentensi moja tu: riwaya hii imetumia mandhari ya Unguja na Mombasa. Mwanafunzi anaweka nukta, mhadhiri anatia tiki, tunahamia matumizi ya lugha. Ndivyo tulivyofundishwa tangu kidato cha tano na ndivyo tunavyoendelea kulipwa maksi.

Sasa maskini huyu amepata mfadhili, naye ni kamera. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N'kuvute, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Ilioneshwa Toronto mwezi Septemba, na Tanzania ikaipeleka kugombea tuzo ya Oscar, jambo ambalo nchi yetu haikuwa imelifanya tangu filamu ya Maangamizi ya mwaka 2001. Kwa hiyo msomaji wa Vuta N'kuvute ana kitu ambacho msomaji wa Kufikirika ya Shaaban Robert hatakipata kamwe: anaweza kupelekwa mbele ya ukuta akaambiwa, ni hapa. Makala haya hayana nia ya kuichambua filamu nzima. Ninachotaka kuuliza ni ukuta huo unatuambia nini juu ya riwaya, na unatuficha nini.

Tulikuwa watatu, wawili wa Kasulu na mmoja wa Kibondo. Riwaya tuliisoma kwa ajili ya mtihani wa kidato cha sita kabla hata mmoja wetu hajaiona bahari. Ziwa tulilijua, bahari hapana. Likizo iliyopita tulivuka kwenda Unguja, tukamwomba mtembezaji watalii mmoja atutembeze kwa miguu, si kwa historia ya masultani bali kwa filamu. Alikuwa mzee wa makamo mwenye kitambulisho shingoni (yeye si papasi, alisema mara tatu), na filamu alikuwa ameiona. Bei ya wenyeji ilipatikana baada ya mabishano marefu kidogo.

Mzee yule ni msanii. Anasimama katika kichochoro, anaweka vidole mraba mbele ya jicho, anasema, "Tizameni hivi, wanangu. Yule binti katokea pale, kapita hapa, askari yuko kule." Ukisogea hatua moja kando, filamu imepotea, unaona waya za umeme, mtungi wa gesi na pikipiki iliyoegeshwa. Ukirudi, Yasmin anapita tena. Wenzangu waliokulia kwenye vibanda umiza watanielewa: alinikumbusha wale watafsiri walioingiza sauti zao za Kiswahili juu ya filamu za Hong Kong, wakamfanya Mchina adaiwe kodi ya nyumba Manzese. Mahali pa hadithi palikuwa pale sauti ilipotaka pawe. Mtembezaji anafanya kazi ileile, tofauti ni kwamba yeye ana ukuta wa kuushika mkono.

Na nikiri kwamba miguu ilinipa kitu ambacho kurasa peke yake hazikunipa. Riwaya hii ni ya kuwindana. Denge, kijana aliyerudi kutoka masomoni Urusi, anapinga ukoloni wa Mwingereza kwa maandishi ya siri na mikutano ya siri, na nyuma yake wako Inspekta Wright na Koplo Matata. Kule kwetu nyanda za juu, mtu anayekimbia dola hukimbilia mbali. Anapotea kwenye migomba, anashuka bondeni, ikibidi anavuka mpaka. Usalama wake ni umbali. Katika vichochoro vya Kiponda na Mkunazini umbali haupo kabisa. Mtu anakuwa salama kwa sababu ya kona. Hatua tano mbele yako kuna mtu usiyemwona, lakini kikohozi chake unakisikia kana kwamba mko chumba kimoja. Kwenye baraza za mawe, wale wazee wanaokunywa kahawa wanajua nani kapita saa ngapi na kavaa nini.

Ukishatembea humo, unaona kwa nini katika riwaya hii habari zinafika kabla ya watu. Unaona pia kwa nini siri yenyewe ina uzito wa pekee: hapa si mahali pa kuficha mwili, ni mahali pa kuficha sauti. Filamu inalijua hilo. Kwa maoni yangu, ubora wake mkubwa uko katika minong'ono na ukimya zaidi kuliko katika zile rangi zinazosifiwa na kila mtu. Hilo ni jambo la fani, na mwanafunzi akiliandika kwenye mtihani anastahili zaidi ya tiki moja.

Hapa ndipo penye utata wenyewe. Tulipofika Darajani, mwenzetu wa Kibondo aliuliza swali ambalo ndilo lililozaa makala haya.

"Mzee, na kwa Mwajuma ni wapi?"

"Kwa Mwajuma ng'ambo huko, mwanangu," akajibu, akanyoosha mkono kuvuka barabara. "Lakini huko hakuna cha kutizama. Nyumba zenyewe zishavunjwa zamani."

Akageuka, akaturudisha Forodhani. Matembezi yakaishia hapo.

Msomaji wa riwaya anajua uzito wa jibu lile. Yasmin ni binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume aliyemzidi umri mno. Anapomkimbia mumewe, jamaa zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika wa Ng'ambo, ambaye hana cha kumgawia isipokuwa chumba chake mwenyewe. Riwaya nzima imejengwa juu ya kuvuka huko. Bila Ng'ambo hakuna Denge, hakuna mwamko wa Yasmin, hakuna ule ukinzani wa rangi na tabaka ambao tunauandikia insha kila mwaka. Mvutano uliomo katika jina la kitabu una ncha mbili, na ncha moja iko upande ule ambao mtembezaji aliunyooshea mkono tu.

Tukumbuke pia historia ya mahali penyewe. Jina la Darajani halikuja bure. Palikuwa na daraja, kwa sababu mkono wa bahari uliingia ndani na kuutenga mji wa mawe na upande wa pili. Wenye mali walikaa upande huu, na upande ule, katika nyumba za udongo na makuti, wakakaa waliokuwa watumwa na vizazi vyao, wachukuzi, mafundi, na watu wengi waliotoka bara kutafuta kazi. Maji yalifukiwa wakati wa Mwingereza, pakawa barabara, ile ambayo leo ina jina la Benjamin Mkapa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 sehemu kubwa ya nyumba za zamani za Ng'ambo ilibomolewa, yakajengwa majumba marefu ya Michenzani kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nia ilikuwa kumpa mnyonge nyumba bora, na wako waliofurahi kuipata. Upande wa pili, Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000.

Tazama basi kinyume kilichopo. Mapinduzi yalifanywa kwa jina la watu wa Ng'ambo, lakini nyumba zilizobaki za kupigia picha, za kutembelea na za kulipiwa tiketi ni zile za waliokaa ng'ambo ya Ng'ambo. Hata hizo hazina uhakika wa kudumu: sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 2020 na kuua watu. Ila zinapoporomoka, dunia inapata habari. Chumba cha Mwajuma kilipobomolewa, kama kilikuwapo, hakuna aliyehesabu.

Simlaumu Shivji. Mtengenezaji wa filamu anapiga picha kinachosimama, na katika filamu yake Mwajuma, anayeigizwa na mwimbaji Siti Amina, ana uhai wa kutosha kuijaza Ng'ambo kwa sauti pekee. Simlaumu hata mzee wetu, ambaye analipwa na watu wanaotaka milango ya nakshi. Ninaloshuku ni hali ya sisi wasomi kuyachukua matembezi kama ushahidi. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu ameniambia kwamba mwanafunzi ambaye hajafika Unguja hawezi kuihakiki Vuta N'kuvute kwa haki, na kwamba idara ingeandaa safari. Safari naiunga mkono, nani anakataa pilau ya Unguja? Hoja yake siikubali.

Dubrovnik, mji mkongwe wa Kroatia, ni mfano wa kutosha. Uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979 kwa historia yake wenyewe ya biashara na bahari. Kisha tamthilia ya televisheni ya Game of Thrones, iliyorushwa kati ya 2011 na 2019, ikapigiwa picha humo kama mji wa kubuni. Leo makundi ya watalii yanaongozwa kwa miguu kutazama ngazi ambako malkia asiyepata kuwako alitembea uchi. Mawe ni ya kweli, historia ya mawe imekaa kando, hadithi imeketi kitini. Unguja hatujafika huko. Lakini njia inaanza hivyohivyo: kwanza tunatafuta hadithi kwenye ukuta, halafu kisichokuwa na ukuta tunakiona hakina hadithi.

Jambo hilo mtu wa Kasulu au Kibondo hawezi kulitazama kwa utulivu. Kwanza, neno lenyewe. Tuliposoma "Ng'ambo" darasani, sisi hatukuona Michenzani. Kwetu ng'ambo ni Burundi. Ni kule ambako lugha inasikika karibu sawa na Kiha, ambako watu wana mashangazi na mashemeji, na ambako, mambo yakiharibika, watu wanavuka na mikeka kichwani. Kwa hiyo Yasmin alipobisha hodi kwa Mwajuma, darasa letu lilielewa bila kufafanuliwa. Wapo waliokuwa wamewahi kuona mgeni wa lugha na kabila jingine akifunguliwa mlango usiku, na wapo waliokuwa wamesikia nyumba zikibishana kama afunguliwe. Mwalimu wetu alichora ubaoni mstari mmoja tu, akasema huku wenye nacho, huku wasio nacho, katikati maji. Hakuwa na picha, hakuwa na filamu. Usomaji ule ulikuwa kamili. Kichochoro cha Kiponda kiliuongezea sikio, hakikuufuta.

Pili, kamera kwetu zimefika pia, na zilijua zimefuata nini. Mwezi Mei 2015 Warundi kwa maelfu walikwama kwenye ufuko wa Kagunga, kipindupindu kikazuka, meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta Kigoma. Televisheni za dunia zikaja. Zikaenda Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na baadaye Nduta, wilaya ya Kibondo, iliyofunguliwa tena mwaka huohuo wa 2015. Ziliona mahema, foleni na watoto. Mji wa Kasulu ulipita dirishani mwa gari. Kwamba hapo pana watu wenye masimulizi yao, na kwamba Waha walisafirishwa vizazi kwa vizazi kama manamba kwenda mashamba ya mkonge Tanga, hayo hayakuwa na sura ya kupiga picha. Manamba hakuacha nyumba ya mawe.

Chukua Heru Juu, hapo Kasulu. Huko alitawala Mwami Theresa Ntare, mwanamke aliyekalia kiti cha Heru katika miaka ya mwisho ya ukoloni, miaka ileile ambayo Shafi amemweka Yasmin. Wanawake wawili wa wakati mmoja chini ya Mwingereza mmoja, mmoja wa kubuni na mmoja wa kweli, na wa kubuni ndiye mwenye vichochoro vya kuoneshwa. Riwaya ya Heru Juu ikiandikwa, mhakiki atakayeifuata kwa miguu atakuta vilima, migomba na bati, na itambidi aisome.

Kwa mwenzangu wa mwaka wa tatu nina pendekezo. Idara ikiandaa safari hiyo, tusigeukie Darajani. Tuvuke barabara, tuingie Ng'ambo na kitabu mkononi, tusome sura za kwa Mwajuma kwa sauti chini ya majumba ya Michenzani, tuone ni nini kinachobaki katika sentensi za Shafi mahali ambapo hapana hata jiwe la kuzisaidia. Mimi nadhani kinabaki kingi. Yeye anadhani vinginevyo, na ana toleo lijalo la kuandika.