Ugali wa Jana Uliuteremsha na Nini?

Ukimuuliza mzee wa Bomet kama ana shida ya kumeza, atakujibu hapana, na hatakuwa amekudanganya. Ugali bado unapita. Ila siku hizi anamega matonge madogo, na kila tonge analisindikiza kwa funda la maziwa. Nyama ameiacha, anasema meno yamechoka. Mkewe naye, bila kuambiwa na mtu, amezoea kumpikia mboga zenye mchuzi mwingi. Mambo haya yamekuja mojamoja kwa miezi, kila moja na sababu yake, hata pale nyumbani hakuna aliyeyaweka pamoja akaona kwamba njia ya chakula inazibika. Daktari anayelijua hilo hamuulizi habari ya shida. Anamuuliza: "Mzee, ugali wa jana jioni uliuteremsha na nini?" Mzee ameulizwa mambo ya nyumbani kwake, na hayo anayajua vizuri na hana sababu ya kuyaficha.

Ufundi huo wa kuuliza ndio ninaotaka kuusifu. Hospitali zetu zikisifiwa husifiwa kwa majengo na mitambo, na sina ugomvi na mitambo. Bila kamera inayoshushwa kooni hakuna atakayejua kilichomo ndani ya umio wa yule mzee. Lakini kamera humulika aliyeletwa mbele yake. Anayeamua nani aletwe, na aletwe mapema au baada ya mambo kuharibika, ni yule anayeketi na mgonjwa na kumsikiliza.

Na huku Bomet ufundi huo una kazi nyingi. Longisa iko kwenye barabara itokayo Bomet kuelekea Mulot na Narok, chini kidogo ya miinuko ya chai, pale ambapo mashamba huanza kuwa ya mahindi na malisho ya ng'ombe. Hospitali ya rufaa ya kaunti iko hapo. Upande wa pili wa mji wa Bomet kuna Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1937, ambako kwa miongo kadhaa madaktari wameona saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida. Makala moja kutoka huko, iliyochapishwa mwaka 2010, ilieleza habari za wagonjwa wa saratani hiyo wenye umri wa miaka 30 kushuka chini. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 14. Sababu bado zinachunguzwa: chai inayonywewa ikiwa ya moto sana, pombe, meno yasiyotunzwa, moshi wa jikoni, na hata mursik, maziwa ya kibuyu yanayopendwa na kila nyumba ya Wakipsigis. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani.

Fikiria basi daktari anayetakiwa kuzungumza juu ya mambo hayo. Chai ndiyo iliyosomesha watoto wa milima hii. Mursik hutolewa kwa mkwe, kwa mgeni wa heshima, kwa mwanariadha anayeshuka uwanja wa ndege na medali shingoni. Daktari anayeanza kwa kukataza atakubaliwa kwa kichwa na kupuuzwa nyumbani. Anayejua kazi yake huuliza kwanza: chai yenu mnaimimina kutoka kwenye sufuria au kwenye chupa? Mnakunywa mara moja au mnaiacha kidogo? Nani nyumbani huipenda ya moto kuliko wote? Hapo mazungumzo yanaweza kufika kwenye jambo dogo linalowezekana, kwamba kikombe kikae dakika chache mezani kabla hakijafika mdomoni.

Saratani ya utumbo mpana ni ngumu zaidi kuzungumziwa, kwa kuwa inapita chooni. Hii ni saratani ambayo mara nyingi huanza na kijiuvimbe kisichouma, na kwa kawaida huchukua miaka kumi hivi kabla hakijageuka kuwa saratani. Katika muda huo kinaweza kuonekana kwa kamera na kukatwa kwa kitanzi cha waya, na habari ikaishia hapo. Magonjwa mangapi hutupa nafasi ya miaka kumi? Tunaipoteza kwa aibu. Mtu akiona damu chooni husema ni bawasiri, au amiba, au kile alichokula msibani. Hununua vidonge dukani, damu inapungua wiki mbili, naye anashukuru Mungu na kunyamaza. Nimewasikia watu wazima wakieleza kila kona ya miili yao isipokuwa hiyo.

Tazama namna mjuzi anavyolifikia jambo hilo. Anaanza na salamu, chamgei, na hapiti haraka. Anauliza mvua, ng'ombe, watoto walioko Nairobi. Anaangalia nani ameingia na mgonjwa. Mama mwenye umri wa miaka 60 aliyeletwa na mume wa binti yake hawezi kusema neno juu ya haja kubwa mbele ya kijana huyo, na kumfanya kijana awe mkalimani ni kuwatesa wote wawili. Kwa hiyo kijana anaombwa kwa adabu aende akafuatilie karatasi za malipo, na muuguzi wa kike anayejua Kikipsigis anakaribishwa. Kisha swali lenyewe linakuja: "Mama, akina mama wengi wa rika lako hunieleza kwamba wakienda choo wanaona damu. Kwako imekuwaje?" Daktari amekwisha kuichukua aibu na kuigawa kwa akina mama wengi, akamwachia mgonjwa sehemu ndogo anayoweza kuibeba. Mama anatazama chini. Daktari hasemi kitu. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko maneno yote, kwa sababu foleni nje ni ndefu na kila mtu amejua kwamba mlango haujafunguliwa.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha walichokiona baada ya kurekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa: kwa wastani daktari alimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Hao walikuwa madaktari wenye vyumba, viti na miadi. Ukiwa na wagonjwa hamsini asubuhi moja, kumwachia mtu dakika mbili ni uamuzi unaokugharimu. Ninawaheshimu sana wanaoufanya.

Afrika Mashariki ina mfano mkubwa wa kazi hii ya kuuliza na kusikiliza, na ajabu ni kwamba unahusu utumbo mpana huohuo. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, ndiye aliyeeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya za watoto ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaenda maili 10,000 hivi, wakipita kwenye hospitali zaidi ya hamsini hadi kusini mwa Afrika. Hawakubeba maabara. Walibeba picha za watoto wagonjwa na swali: uvimbe kama huu mmeuona hapa? Kutokana na majibu waliweza kuchora ramani ya ugonjwa.

Baadaye Burkitt aliuelekeza ufundi huo kwenye chakula na choo. Alizitumia hospitali za vijijini barua zenye maswali mafupi, na akaona kwamba saratani ya utumbo mpana, iliyojaa Ulaya na Marekani, ilikuwa adimu kwa wakulima wa Afrika waliokula nafaka isiyokobolewa, maharagwe na viazi. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uzito wa choo cha siku moja: wanakijiji wa Uganda walizidi gramu 400, wanamaji wa Uingereza walikuwa kwenye gramu 100 hivi. Wanasayansi wamebishana sana tangu hapo juu ya nyuzinyuzi na kiasi cha kinga inayoletwa nazo. Mimi hunivutia jambo jingine. Kabla ya mizani kulikuwa na mtu aliyeingia kwenye ua wa mwenziwe, akasalimu, akaketi, akaeleza kwa nini anahitaji choo chake chote, akakubaliwa. Jarida halikuyachapisha mazungumzo hayo, lakini bila hayo hakuna gramu hata moja ambayo ingejulikana.

Na chakula cha wanakijiji wale si chakula cha leo. Sokoni Bomet utapata unga uliokobolewa ukawa mweupe pe, chapati, soda na chipsi, na mtu anayechuma chai tangu alfajiri ili alipwe kwa kilo hana nafasi ya kuchemsha githeri mchana. Daktari anayehimiza mboga bila kuuliza saa za kazi anazungumza na hewa.

Hata maandalizi ya kamera ya utumbo ni kazi ya mdomo. Utumbo lazima uwe safi, la sivyo daktari haoni kitu na safari imepotea. Mgonjwa huambiwa asile siku ya kuamkia kipimo. Yeye hali kabisa, anafunga kwa uaminifu, na asubuhi anakunywa vikombe vitatu vya chai ya maziwa, kwa kuwa katika milima hii chai haihesabiwi kuwa chakula. Ni lazima aambiwe: strungi tu, bila tone la maziwa, na mursik hapana. Ni lazima aulizwe choo chake kiko umbali gani kutoka nyumbani, kina taa au hakina, na nani atamshika mkono usiku, maana dawa ya kusafisha tumbo itamwamsha mara nyingi na njia ina utelezi. Kisha aombwe arudie kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa. Dakika tano hizo huokoa kipimo kizima.

Mtihani mkubwa kuliko yote ni kuzungumza na mtu asiyeumwa. Mwaka 2016 Dkt. Michael Mwachiro wa Tenwek na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu wakazi 305 wa eneo hilo ambao hawakuwa na dalili yoyote. Walimezeshwa kamera, umio ukanyunyiziwa maji ya ayodini. Sehemu nzima za umio hushika rangi ya kahawia. Zile zilizoanza kubadilika huikataa, zikabaki na weupe wake, na hapo ndipo kipande kidogo hukatwa kwenda kupimwa. Asilimia 14.4 ya watu hao walikuwa na mabadiliko yanayoweza kuzaa saratani. Ni takriban mtu mmoja kwa kila saba, wote wakila na kufanya kazi kama kawaida. Matokeo hayo yalinishtua. Lakini narudi nyuma kwenye siku alipotafutwa wa kwanza kati ya wale 305. Nani alimshawishi mkulima mwenye afya aache shamba, apande matatu, afungue mdomo na kumeza mpira mrefu kwa ajili ya ugonjwa ambao hana? Mtu huyo hatibiwi chochote wala hana maumivu ya kumsukuma. Anachokiamini ni neno la aliyezungumza naye, na namna alivyojibiwa alipouliza kama kifaa kile chenyewe hakileti ugonjwa.

Baada ya majibu kutoka, kazi inaanza upya. Ndugu hufika kabla ya mgonjwa na kuomba asiambiwe. Daktari hawagombezi. Anawauliza wanaogopa nini, kisha anamuuliza mgonjwa mwenyewe angependa kujua kiasi gani, na nani awe naye. Kama ni utumbo mpana, kuna mazungumzo mengine yasiyoweza kungoja. Mzazi, kaka au dada aliyeugua huongeza hatari kwa waliobaki, na katika miongozo mingi hao huanza kuchunguzwa wakiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao ndugu yao aligunduliwa nao, ipi iliyo mapema. Kwa hiyo anauliza: baba alikufa na nini? Jibu huwa "tumbo." Alikuwa na umri gani? Alikonda? Alikuwa akienda choo vipi mwaka ule wa mwisho? Mmezaliwa wangapi, wangapi wako hai, wanaishi wapi? Mgonjwa anawahesabu kwa vidole, mmoja yuko Kericho kwenye chai, mwingine Narok, kitinda mimba ana miaka 38. Kama ndugu yao amegunduliwa na miaka 47, kitinda mimba amekwisha kuufikia umri wake wa kuja, na ni huyo ambaye daktari anaomba namba yake ya simu kwanza.